Maswali ya Wasomaji: Prosesa Kwanza, Kadi Itafuata

Barua nyingi tulizopokea kwa toleo hili zinahusu emuleta, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta ya kawaida kucheza gemu zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine kama PlayStation na GameCube. Waandishi wake karibu wote wana fedha kidogo na wanataka wasiitupe. Nimeipa nafasi kubwa barua ya kwanza, kwa sababu jibu lake linazigusa karibu nyingine zote.

Ndugu Mshauri, nina shilingi laki tano ambazo nimeziweka kwa muda mrefu, na nia yangu ni kupata kompyuta ya mezani itakayocheza gemu za PlayStation 2 na za GameCube ambazo diski zake ninazo tangu utotoni. Kariakoo nimeonyeshwa mbili zilizotumika, bei zake zinakaribiana. Ya kwanza ina prosesa ya Core i7-870, RAM ya GB 16, kadi ya grafiki ya GB 4, na kasha la kioo lenye taa. Ya pili ni kompyuta ya ofisini yenye kasha jembamba, Core i5-6500, RAM ya GB 8, na haina kadi kabisa. Rafiki zangu wote wanasema nichukue i7. Niwafuate?
*Msomaji, Temeke, Dar es Salaam*

Ndugu yangu, chukua ya pili, na usiwe na wasiwasi hata kidogo.

Najua jibu hili linashangaza, kwa hiyo nitalieleza taratibu. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000 ikiwa na prosesa kuu ya megahezi 294 hivi na RAM ya MB 32. Mtu akitazama namba hizo huona kwamba kompyuta yoyote ya leo inaizidi mara kumi na zaidi, na hivyo huamini kwamba kazi ni nyepesi. Lakini kompyuta yako haiielewi lugha ya prosesa ile. Kila amri ya gemu inabidi itafsiriwe ndipo itekelezwe, na mbali na prosesa kuu, ndani ya PlayStation 2 mlikuwa na vipande viwili vya kukokotoa hesabu za maumbo, kipande cha kuchora picha na kingine cha sauti, vyote vikienda kwa mwendo mmoja na kusubiriana. Emuleta inapaswa kuviiga vyote bila kupoteza mpangilio huo, mara 50 au 60 kila sekunde.

Kazi ya namna hiyo haigawanyiki kwa urahisi. PCSX2, ambayo ndiyo emuleta ya PlayStation 2 ninayoipendekeza, hutegemea hasa nyuzi mbili za kazi, moja ya prosesa kuu na moja ya picha, na unaweza kuiwashia ya tatu kwa ajili ya kimojawapo cha vile vipande vya hesabu. Dolphin ya GameCube na Wii nayo hutegemea zaidi viini viwili vya prosesa, yaani sehemu zake zinazofanya kazi kila moja kivyake. Kwa hiyo nyingi ya zile nyuzi nane za i7 zitakaa bila kazi, huku kiini kimoja kikihema. Ni sawa na kushona kanzu moja: fundi mmoja hodari ataimaliza kabla ya mafundi wanane wa wastani, kwa kuwa hawawezi kushika sindano moja wote kwa pamoja. Unachokinunua kwa ajili ya emuleta ni nguvu ya kiini kimoja, na hapo ndipo i5-6500 inapoishinda i7-870 bila shida.

Jina la i7 limewapotosha watu wengi, nami husikitika kila ninapoona akiba ya mtu ikiishia hapo. Namba zilizo nyuma ya jina ndizo za kusoma. Zikiwa tatu, kama 870, hiyo ni Core ya kizazi cha kwanza, na hiyo yako ilitoka mwaka 2009. Zikiwa nne, ile ya mwanzo ndiyo kizazi: 2400 ni cha pili, 4590 ni cha nne, 6500 ni cha sita, 8500 ni cha nane. Zikiwa tano, soma mbili za mwanzo, kama 10100 ambayo ni ya kizazi cha kumi. Kati ya mwaka 2009 na 2015, Intel ilibadilisha muundo wa ndani kiasi kwamba prosesa mbili zinazokwenda kwa gigahezi zilezile hazifanyi kazi sawa katika sekunde moja. Kizazi cha nne, kilichotoka mwaka 2013, kilileta seti ya amri za hesabu iitwayo AVX2, ambayo PCSX2 huitumia pale inapoikuta, na watumiaji wa Dolphin waliiona tofauti waziwazi. Ndiyo maana mimi huweka mpaka hapo. Kwa gemu za PlayStation 2 na GameCube, usishuke chini ya i5 ya kizazi cha nne, mfano i5-4590, na ukibahatika kupata i5-8500 kwa bei unayoiweza, hiyo ni bora kuliko zote nilizozitaja.

Angalia pia herufi ya mwisho. Prosesa ya i5-6500 huanzia gigahezi 3.2 na kupanda hadi 3.6, lakini i5-6500T, iliyotengenezwa ili itumie umeme kidogo, huanzia 2.5. Wauzaji hawaitaji herufi hiyo, na mara nyingi si kwa nia mbaya, bali hawajui kwamba ina maana. Utaikuta hasa katika zile kompyuta ndogo sana zinazoshikika kwa mkono mmoja.

Sasa kasoro za hiyo ya pili, maana zipo. Kwa kuwa haina kadi, picha zitachorwa na kipande cha grafiki kilichomo ndani ya prosesa yenyewe. Kitakutosha kucheza gemu nyingi kwa ukubwa wa picha wa asili, na baadhi kwa ukubwa mara mbili, lakini ukitaka picha iliyonyooka kwenye televisheni kubwa itakubidi uongeze kadi baadaye. Katika PCSX2 ukubwa wa mara mbili unakaribia picha ya mistari 720, na wa mara tatu unakaribia 1080. Hadi hapo utakapoipata kadi, hakikisha RAM yako ni vipande viwili vya GB 4 badala ya kimoja cha GB 8, kwa kuwa grafiki za ndani hukopa RAM ya kompyuta, na vipande viwili huipa njia mbili za kupitishia data.

Kadi yenyewe ina masharti matatu kwa kasha jembamba kama hilo. Lazima iwe ile fupi ya kimo, yenye bati fupi la nyuma, vinginevyo kifuniko hakitafunga. Lazima ijitosheleze kwa umeme wa soketi ya ubao mkuu, ambao hauzidi wati 75, kwa sababu kompyuta hizi kwa kawaida hazina waya wa ziada wa kuilisha kadi. Na usijidanganye kwamba utabadilisha pawasaplai, kwani kampuni kama Dell na HP huweka katika nyingi ya kompyuta hizi viunganishi vya aina yao wenyewe na umbo lao wenyewe, na pawasaplai ya dukani haiingii. Kadi zinazotimiza masharti hayo ni GT 1030 ya wati 30 na GTX 1050 Ti ya wati 75, zikiwa katika umbo fupi. Ukiichagua GT 1030, iwe yenye kumbukumbu ya GDDR5. Ipo nyingine yenye jina hilohilo iliyowekewa DDR4, nayo ni dhaifu mno. Boksi lake linafanana na la mwenzake, kwa hiyo soma maandishi madogo kabla ya kulipa.

RAM ya GB 8 inatosha. Kupandisha hadi 16 hakutaongeza hata fremu moja katika gemu hizi. Diski ya SSD ya GB 256 ni ununuzi mzuri, lakini ujue inakusaidia wapi: kompyuta itawaka haraka, ila gemu haitakwenda kasi zaidi, kwa kuwa emuleta huiga pia mwendo wa kisoma diski cha zamani. DVD ya kawaida ya PlayStation 2 huweza kufikia GB 4.7, hivyo gemu ishirini zinaweza kujaza hadi GB 94. Diski ya zamani ya kuzunguka itafaa kuwa ghala.

Jambo moja zaidi ambalo muuzaji hatakuambia. Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Emuleta zako hazitazimika kwa sababu hiyo, lakini kama kompyuta hiyohiyo itatumika pia kwa benki au barua pepe, fikiria kuweka Linux, ambayo PCSX2 na Dolphin zote zina matoleo yake.

Kabla ya kutoa fedha, omba kompyuta iwashwe na iachwe nusu saa mbele yako. Fungua programu iitwayo CPU-Z usome jina kamili la prosesa na idadi ya vipande vya RAM, kisha sikiliza feni. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia hilo.

Assalaam aleikum Mshauri, natumia kompyuta mpakato yenye Core i5-7200U na RAM ya GB 8. Gemu za GameCube kwenye Dolphin huanza vizuri sana, lakini baada ya kama dakika kumi huwa nzito mpaka sauti inakatikakatika. Fundi amenishauri niongeze RAM hadi GB 16. Je, itasaidia?
*Msomaji, Mjini Unguja*

Waaleikum salaam. Dakika hizo kumi ulizozitaja zimenisaidia sana, kwa sababu RAM ndogo ingekusumbua tangu mwanzo. Kinachobadilika baada ya dakika kumi ni joto. Herufi U katika jina la prosesa yako inaonyesha kwamba ilikusudiwa kutumia wati 15 tu, ndani ya kasha lisilo na nafasi ya kupumua. Inapoanza ikiwa baridi hupanda hadi gigahezi 3.1, ikipata moto hujishusha yenyewe ili isiungue, na gemu nayo hushuka pamoja nayo.

Anza kwa mambo yasiyo na gharama. Cheza ukiwa umechomeka chaja, kwa sababu mipangilio ya kuokoa betri huibana prosesa. Usiiweke mpakato juu ya kitanda wala mto, kwani nguo huziba matundu ya hewa yaliyo chini. Katika Dolphin rudisha ukubwa wa picha kwenye ule wa asili. Kisha mpelekee fundi yuleyule, lakini kwa kazi nyingine: aifungue, aondoe vumbi lililojaa kwenye feni, na aibadilishe ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea, ambayo hukauka baada ya miaka. Huko pwani, chumvi na unyevu wa hewa navyo si rafiki wa feni.

Fundi wako hajakosea kabisa, hata hivyo. Ikiwa GB 8 ulizonazo zimo katika kipande kimoja na nafasi ya pili iko wazi, kuongeza kipande cha pili kutazisaidia grafiki za ndani kwa ile sababu niliyomweleza msomaji wa Temeke. Lakini usitoe fedha hizo kabla ya kusafisha.

Na kama unaona pia mikatiko mifupi kila kinapotokea kitu kipya kwenye skrini, mlipuko au adui mpya, hiyo haina uhusiano na joto. Ni Dolphin inayotengeneza papo hapo vijiprogramu vya kuchorea kitu hicho kwa mara ya kwanza. Tangu mwaka 2017 imekuwa na chaguo la Ubershaders katika mipangilio ya grafiki. Lijaribu lile la mseto, ingawa kwa grafiki za ndani huenda likawa zito, na ukiona hivyo lirudishe lilivyokuwa.

Kwako Mshauri, nilinunua kadi ya GTX 1050 Ti ya GB 4 kwa bei iliyonifurahisha. PCSX2 ikiwekwa kwenye ile njia ya kuchorea picha iitwayo Vulkan inakataa kabisa kufunguka, na draiva za NVIDIA zinasema hazioni kadi inayolingana nazo. Duka limekataa kuipokea. Ina matundu matatu: HDMI, DVI na lile la bluu la VGA. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Nairobi*

Hujakosea katika mipangilio. Naumia kukuambia kwamba kadi hiyo, kwa kila dalili uliyoieleza, si GTX 1050 Ti. Lile tundu la bluu peke yake lingetosha kuleta shaka, kwa sababu kadi za kizazi cha GTX 1050 Ti hazitoi tena picha ya analogia. Kuna watu wanaochukua kadi za mwaka 2010 na 2011, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, wakaziandikia upya programu yake ya ndani ili zijitambulishe kwa jina jipya. Kizazi hicho cha zamani NVIDIA haikukipa Vulkan, na ndiyo sababu emuleta inakataa.

Pakua programu ya bure iitwayo GPU-Z. Matoleo yake ya tangu mwaka 2018 hutambua kadi nyingi za namna hii na kuandika neno la tahadhari mbele ya jina. Hata isipoandika, tazama idadi ya vitengo vya kuchorea: GTX 1050 Ti halisi ina 768 na chipu iitwayo GP107, ilhali hizo za kughushi mara nyingi zina 192. Piga picha ya matokeo hayo pamoja na risiti yako, urudi nayo dukani, kwani sasa dai lako si kwamba kadi imeharibika, bali kwamba si kadi uliyoambiwa unauziwa, na madai hayo yana uzito tofauti. Kama huna risiti, basi kwa kadi ijayo lipa baada ya kuiona GPU-Z ikiwa wazi kwenye kompyuta ya muuzaji.

Ndugu Mshauri, nimefuata maelekezo yote na kununua i5-8500, lakini gemu yangu moja ya PlayStation 2 haivuki fremu 50, wakati nyingine zinafika 60. Prosesa ni mbovu?
*Msomaji, Morogoro*

Prosesa ni nzima. Diski yako ni ya mfumo wa PAL, uliotumika Ulaya na pia kwetu, ambao televisheni zake zilionyesha picha 50 kwa sekunde. Zinazofika 60 kwa kawaida ni za Marekani au Japani. Tazama asilimia ya mwendo inayoonyeshwa pembeni mwa skrini. Ikisoma 100, gemu inakwenda kama ilivyokusudiwa. Ikishuka, tazama alama za EE na GS katika takwimu zilezile: EE ikikaribia 100, prosesa ndiyo iliyolemewa, GS ikikaribia 100, punguza ukubwa wa picha.

Mshauri, muuzaji ananipa diski ya TB 1 yenye gemu mia kadhaa na BIOS zake zote kwa nyongeza kidogo ya bei. Nichukue?
*Msomaji, Arusha*

Sikushauri. Emuleta yenyewe ni programu halali. Mahakama ya rufani ya Marekani ilikwishaamua mwaka 2000, katika shauri la Sony dhidi ya Connectix, kwamba kuichunguza mashine ili kutengeneza emuleta yake hakuvunji hakimiliki. Lakini BIOS, yaani programu ya kuwashia iliyomo ndani ya mashine, na gemu ni kazi za watu, na nakala zinazouzwa kwa jumla namna hiyo hazina ruhusa yao. Njia safi ni kutoa BIOS katika PlayStation yako mwenyewe, na kunakili diski zako kwa kisoma DVD cha kompyuta. Kisoma hicho kimo katika kompyuta nyingi za ofisini zilizotumika. Kichukulie kuwa sehemu ya bei unapochagua. Diski za GameCube ni tofauti, maana visoma vingi vya kawaida haviwezi kuzisoma, na hizo hunakiliwa kwa kutumia Wii iliyoandaliwa.

Mheshimiwa Mshauri, mwanangu wa miaka kumi na mitatu anataka kucheza gemu za PSP, ile PlayStation ya mkononi, na za PlayStation ya kwanza. Nyumbani tuna kompyuta ya zamani ya Core i3-2100 yenye RAM ya GB 4. Amenipa orodha ya vifaa vya kununua na imenitisha. Nianze na kipi?
*Mama, Tabora*

Mama, shikamoo. Usinunue chochote katika orodha hiyo. Mpaka niliouweka juu wa kizazi cha nne ni wa PlayStation 2 na GameCube. Mashine anazozitaka mwanao ni nyepesi zaidi. PlayStation ya kwanza ilikuwa na prosesa ya megahezi 33 na nukta, na PSP haikuvuka megahezi 333. Emuleta ya PPSSPP, iliyoanza mwaka 2012, huchezesha gemu nyingi za PSP hata kwenye simu za kawaida, na haihitaji BIOS. Kwa PlayStation ya kwanza mwambie atumie DuckStation, na ikiwa picha italeta shida kwa sababu ya grafiki za zamani, achague uchoraji unaofanywa na prosesa yenyewe.

Fedha uliyotaka kuitumia, kata sehemu ndogo umnunulie pedi moja ya kuchomeka kwa USB, kwa kuwa gemu hizo ni ngumu kuchezwa kwa kibodi. Aanze na PPSSPP na ukubwa wa picha wa asili. Akiona inakwenda vizuri, aupandishe hatua moja moja mpaka atakapoona inaanza kulemewa, kisha arudi hatua moja nyuma.